Likizo ya Juni

Murubona, Kasulu
Februari 2025

Mwanangu Afande,

Mvua inanyesha vizuri, maharage yametoka, na baba yako, kaka yangu, ameacha kulalamikia goti tangu aanze kulalamika kuhusu jirani.

Umenitumia ujumbe kwamba mnakuja Juni, nyote watano, mtakaa Kasulu na Kibondo, na unataka nikupigie hesabu ili likizo isikumalize. Nimeona nikuandikie kwa kalamu. Simu hukatika, na mambo haya yanataka kusomwa mara mbili: mara moja na wewe, mara moja na mkeo, tena akiwa peke yake.

Nimeishi kota za jeshi na marehemu mume wangu tangu nilipokuwa binti hadi alipostaafu. Nimeona familia nyingi zikiondoka likizo na masanduku matatu na kurudi na deni. Kinachomaliza pesa ya likizo ya askari ni sisi ndugu zake kuliko nauli. Nauli ina kiwango, unaijua kabla hujapanda gari. Ndugu hawana kiwango. Kwa hiyo barua hii nitaandika kidogo kuhusu mabasi na zaidi kuhusu sisi.

Kwanza hizo siku zenyewe. Usije ukasikia mtu wa benki au wa kiwandani anasema sheria inampa siku 28 ukadhani na wewe unazidai kwa sheria hiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inawataja wasiohusika nayo waziwazi: Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na JKT. Ninyi mna kanuni zenu, na likizo yenu hutolewa kazi ikiruhusu. Nenda kwa karani wa kikosi, muulize siku zako ni ngapi, safari imehesabiwa humo au la, na kama mwaka huu una stahili ya nauli kwa familia. Muulize sasa, Februari. Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30, na mtu anayekwenda kuuliza nauli mwezi wa mwisho wa bajeti huambiwa asubiri. Mkipewa nauli, ihesabuni kama pesa ya kurudisha mlichotumia. Msiiweke katika mpango kabla haijaingia mkononi.

Juni umeichagua vizuri, ingawa nadhani ni mkeo aliyeichagua. Shule zimefungwa, mvua zimekwisha, maharage na mahindi ya msimu yako ndani, chakula ni rahisi. Wanaokuja Desemba wanagombea viti vya basi na nchi nzima, wanafika huku wakati wa matope na palizi, na kila nyumba ghala liko chini. Tena mwaka huu kuna Uchaguzi Mkuu Oktoba. Mimi si msemaji wa jeshi, lakini nimekula chumvi ya kota kiasi cha kujua kwamba kadiri uchaguzi unavyokaribia, ruhusa ya askari inakuwa nyembamba. Usiahirishe Juni ukitegemea Septemba.

Sasa jambo ambalo raia hawalipangi na ninyi lazima mlipange: likizo yako inaweza kukatwa katikati.

Oktoba 1978 mume wangu alikuwa likizo hapa Kasulu. Tulikuwa na redio ndogo ya betri, ikatangaza kwamba majeshi ya Idi Amin yameingia Kagera. Novemba 2 Mwalimu Nyerere alitangaza vita, lakini mume wangu hakusubiri siku hiyo. Alitazama redio, akanitazama mimi, nami nikafungua pindo la kanga. Nauli yake ya kurudi ilikuwa humo tangu siku tuliyofika, haijaguswa, na ndugu zake hawakujua iko wapi. Alipanda lori la kwenda Kigoma jioni ile ile kutafuta treni. Jirani yetu kwenye kota, naye likizo kwao mkoa mwingine, aliuza baiskeli ya baba yake kwa bei ya kutupa ili arudi kikosini. Wote wawili walipigana, wote wawili walirudi. Ila yule wa baiskeli alisemwa kwao mpaka anazeeka.

Basi nauli ya kurudi ndiyo pesa ya kwanza kupatikana na ya mwisho kuguswa. Ikae kwa mkeo, kwenye laini yake ya simu, na namba ya siri aijue yeye. Usinune. Wewe ndiwe utakayeombwa, na mtu asiye nayo hasemi uongo akisema hana.

Hesabu ya safari ni hii. Kutoka huko Pwani hadi Dodoma msihangaike na basi, pandeni treni ya umeme. Daraja la kawaida Dar es Salaam hadi Dodoma, kwa bei iliyotangazwa ilipoanza 2024, ni shilingi 31,000 kwa mkubwa. Mtoto wa miaka minne hadi kumi na miwili analipa nusu, 15,500, na aliye chini ya minne hapati tiketi ya kulipia. Kwenu ni ninyi wawili, wale watoto wakubwa wawili nusu nusu, na yule mdogo bure: 93,000 kwa upande mmoja. Tiketi ikatwe mapema, maana siku za shule kufungwa treni hiyo hujaa.

Kutoka Dodoma ni basi, kwa Singida, Nzega, Kahama hadi Nyakanazi, kisha mnakata kushoto kuja kwetu. Barabara ya Nyakanazi uliyoijua wewe ya vumbi na matope sehemu kubwa sasa ni lami. Watoto wako hawatajua kwamba miaka ya tisini mabasi ya pori lile yalikuwa yanasindikizwa na polisi wenye bunduki. Nauli usimuulize mpiga debe. Viwango vya LATRA, wanaopanga nauli, vilivyoanza Desemba 2023 ni hivi: basi la kawaida shilingi 48.47 kwa kilomita kwa abiria, daraja la kati 67.84. Kwa hiyo kila kilomita elfu moja, kiti cha kawaida ni 48,470 na cha daraja la kati ni 67,840. Tusihesabu kwa kubana, tuweke kilomita elfu kila upande kati ya Dodoma na huku. Viti vinne, mdogo akipakatwa, kwenda na kurudi: 387,760 kwa basi la kawaida, 542,720 kwa daraja la kati. Tofauti ni kama 155,000. Mimi ningepanda la kawaida kuja, kwa kuwa watoto wana hamu na hamu hairudishwi na kiti kigumu, na la kati kurudi kama mifuko imebaki na kitu. Mkikuta LATRA wamepandisha, zidisheni kwa kiwango kipya, kanuni ni ile ile.

Ukijumlisha treni kwenda na kurudi, basi, na zile safari fupi za Kibondo hadi Kasulu na Kasulu hadi Kigoma, inafika karibu 622,000. Andika 650,000, maana watoto watakula njiani. Katika hizo, 300,000 ndizo za kurudia, za kwa mkeo.

Na hapa kwenye njia nina la kusema ambalo kaka zangu hawatalipenda. Mila inasema ufikie kwenu kwanza, Kasulu, ndipo umpeleke mke kwao. Lakini tazama ramani. Basi la Nyakanazi linapita Kakonko, linafika Kibondo, ndipo linakuja Kasulu. Mkipitiliza Kibondo mje kwetu, halafu mrudi Kibondo, halafu mje tena huku kwenda Kigoma, mnalipia barabara ile ile mara tatu kwa ajili ya heshima yetu. Shukeni Kibondo. Wazazi wa mkeo wapate siku zao kwanza. Kisha njooni Kasulu, siku zile zile kwa idadi, msituongezee hata moja. Mwisho teremkeni Kigoma kwa lami, mkaondokee huko kupitia Tabora. Mzunguko mmoja, hakuna kurudi nyuma. Kwa baba yako nitasema mimi. Nitamwambia dereva alikataa kuwashusha pengine.

Utaniuliza kuhusu treni ya zamani, Kigoma hadi Dodoma, maana watoto watataka kulala kwenye kitanda cha treni. Reli ile ilifika Kigoma 1914, na bado ni safari nzuri: Uvinza, Malagarasi, Nguruka, watu wanauza madirishani. Daraja la pili ni vitanda sita kwa chumba, na wanaume na wanawake hutenganishwa isipokuwa mmelipia chumba kizima. Lakini haiendi kila siku, na ikichelewa haiombi radhi. Mwalimu wa shule akichelewa siku moja anaandika barua. Askari akichelewa siku moja anaitwa mtoro. Mkitaka treni hiyo, ondokeni siku tatu kabla ya likizo kwisha. Kama hamna siku tatu, pandeni basi na watoto walie.

Sasa tuje kwa ndugu.

Mzigo huu haukuanza na wewe. Babu yako alichukuliwa na SILABU, lile shirika la kuandikisha watu wa mkonge lililoundwa 1944, likazoa vijana wa Kasulu na Kibondo kuwapeleka Tanga kukata mkonge. Manamba akirudi alikuja na blanketi, kofia na sanduku la bati, na kijiji kizima kilijua siku aliyofika. Blanketi alipewa mjomba, kofia alipewa kaka, sanduku likabaki tupu, na babu yako akarudi Tanga kwa mkataba mwingine. Alitusimulia hayo akicheka. Mama yetu alikuwa hacheki. Kwa hiyo mtu wa Buha akitoka mbali amezoewa kutazamwa mikono tangu enzi za Mwingereza, nanyi askari mmerithi nafasi ya manamba.

Tena wewe umerudi majuzi tu kutoka Jamhuri ya Afrika ya Kati. Huku neno ni moja, "pesa za misheni". Hakuna anayejua ni kiasi gani, na kwa sababu hawajui, wamejipangia wenyewe. Nimeshasikia umenunua lori. Nimesikia pia kwamba utamlipia ada mtoto wa binamu yako, na huyo binamu ndiye aliyenieleza.

Kuna kijana mmoja alikuja kutoka Marekani, akatuambia wanajeshi wa kule wana hoteli zao za mapumziko. Iko moja inaitwa Hale Koa, pale Waikiki ufukweni, na bei ya chumba inapangwa kwa cheo: mwenye cheo kidogo analipa kidogo, jenerali analipa zaidi. Nilicheka, kwa sababu na sisi tunayo hoteli hiyo hiyo. Ukiwa askari wa kawaida utaombwa sukari. Ukiwa koplo utaombwa bati. Ukiwa sajenti kama wewe utaombwa kumtafutia mtu nafasi ya JKT. Usidhani watu hawajui vyeo. Kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilipofungwa 2012, JKT wakaingia, hapa hapa Kasulu. Kanembwa iko Kakonko, Bulombora iko upande wa ziwani. Vijana wetu wamepita humo, wanasoma mabega yako wakiwa ng'ambo ya barabara.

Kwa hiyo zawadi zipangwe na ziwe sawa pande zote mbili: 80,000 Kibondo, 80,000 Kasulu. Vitu vya kutumika, sabuni, sukari, mafuta, kitenge kimoja kwa kila mama, basi. Nunueni huku huku, msibebe sukari kutoka Pwani kuilipia mzigo kwenye basi. Zawadi itolewe siku ya kwanza, hadharani, kwa mwenye nyumba, naye agawe. Mkianza kugawa wenyewe kidogo kidogo kila jioni, hamtamaliza.

Na vijana watakuomba kombati na buti. Usimpe mtu hata kofia. Unakumbuka Agosti 2023 jeshi lenu lilitoa siku saba kwa raia wote wenye mavazi ya kijeshi wayasalimishe. Kuna mpwa wako mmoja anavaa jaketi la mabaka shambani na anadhani milima inamficha. Akikuomba la pili, mwambie avue la kwanza.

Nyumbani mtakapofikia, toeni pesa ya chakula. Hili watu wa mjini wanaliona aibu, eti ni kumtukana mwenyeji. Si tusi kwa mtu anayeongezewa vinywa vitano kwa zaidi ya wiki moja. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo tunavyosema, lakini hakuna atakayempa mkwe wake sajenti jembe, atakachofanya ni kuuza mbuzi wa ada kimya kimya ili mle nyama. Mpe mama mkwe wako 100,000 mkifika, umpe kwa mkono wa mkeo. Mpe mama yako 100,000. Mawese yapo, migebuka inapanda kutoka Kigoma, maharage na ugali wa muhogo havitakwisha. Nyama mara mbili kwa wiki inatosha, na kuku wa kukaribishwa yupo, nimeshamtenga.

Iko bahasha nyingine ya 60,000, ya michango. Mtakuwapo huku wiki nzima na zaidi, haiwezekani kusiwe na msiba, harusi au ujenzi wa kanisa. Ukiombwa, toa kutoka humo. Ikiisha imeisha, na atakayeuliza tena umwambie aje kwangu. Nasema kweli, mlete kwangu. Mimi ni shangazi, kazi yangu katika ukoo ni kusema maneno ambayo ninyi mnaogopa kuyasema, na kwa umri huu sina wa kumwogopa isipokuwa daktari wa macho.

Sasa kuhusu mke wako, na hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Ulipokuwa misheni, yeye alikuwa baba na mama. Alipeleka watoto shule, alikaa hospitali na yule mdogo, alisubiri simu zako usiku. Sisi wote tulikumbuka Desemba 2017, wale vijana wetu waliouawa Semuliki, kule Kongo, na kila simu iliyochelewa ilimpa kazi ya kutulia mbele ya watoto. Wewe ukija likizo unakaa chini ya mwembe unasimulia. Yeye akija likizo anaingia jikoni kwa mama mkwe. Anaamka kabla ya jogoo, anachota maji, anapika kwa kuni ambazo hajazizoea, anaosha vyombo vya wageni waliokuja kukusikiliza wewe. Nimefanya kazi hiyo miaka mingi, tena nikirudi kotani wenzangu wananiuliza, "Umepumzika?"

Haitakuwa hivyo Juni. Nimeongea na binti wa jirani, atakuja kusaidia jikoni siku zote mtakazokuwa Kasulu, na malipo yake natoa mimi. Mkeo atapika siku moja, akitaka, ili mama yako ajivunie. Kibondo ni kwao, huko atalala mpaka saa tatu na mama yake atamfunika. Asali ya Kibondo anywe na chai, aje na lita moja kwangu.

Kisha siku mbili za mwisho, za Kigoma. Hizo si za ndugu. Msifikie kwa mtu. Nimeweka 180,000: usiku mbili katika nyumba ya wageni safi ya kawaida, chakula, na bodaboda au teksi za pale mjini. Hapo ndipo likizo yenyewe ilipo, hayo mengine ni ziara za ukoo. Watu watakwambia ni anasa kulipia kitanda wakati binamu yako ana nyumba pale pale mjini, Mwanga. Waache waseme.

Mtoto wako wa kwanza ameniandikia anataka sokwe wa Gombe, kwa sababu shuleni wamesoma habari za Jane Goodall, aliyefika pale Julai 1960. Mjibu kwa upole kwamba si safari hii. Mtanzania kiingilio chake ni kidogo sana kuliko cha mgeni, hilo halina shida. Shida ni boti, na kwamba watoto wadogo hawaruhusiwi kuingia msituni kuwafuata sokwe. Mtalipia familia nzima ili ninyi wakubwa mwende, na watoto wabaki kambini kukasirika. Atakapokuwa kijana mkubwa mlete peke yake.

Nendeni Ujiji. Ni karibu, usafiri wa bei ndogo, na pana makumbusho mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Lakini waonyesheni watoto zaidi ya wale wazungu wawili: mji wenyewe, maana misafara ya pembe na watumwa ilianzia na kuishia pale, na Kiswahili kilikuwa kinazungumzwa Ujiji kabla ya Mjerumani kuleta reli. Jioni kaeni ufukweni. Kutazama ziwa hakulipiwi. Kuogelea waulizeni wenyeji ni wapi salama, msijipimie wenyewe.

Yapo madogo. Huku Juni na Julai usiku ni baridi, watoto wa Pwani watashangaa, kila mmoja aje na sweta na soksi. Vyandarua njooni navyo, mkoa wetu ni miongoni mwa ile inayosumbuliwa zaidi na malaria na si kila kitanda cha kijijini kina neti nzima. Wekeni 150,000 ya dharura, hospitali ikiwemo, na isipotumika irudi nyumbani kama ilivyokuja. Mkiwa Kibondo watu watawapeleka Mabamba kwenye soko la ujirani mwema, bei ni nzuri, nendeni. Ila wewe mpaka usiuvuke hata hatua moja "kusalimia tu". Raia akienda Burundi kununua vitenge ni biashara. Askari akionekana huko bila kibali ni maelezo marefu, na unajua nani atakuuliza.

Jumlisha sasa: safari 650,000, zawadi 160,000, chakula 200,000, michango 60,000, Kigoma 180,000, dharura 150,000. Ni 1,400,000. Una mishahara minne kabla ya kuondoka, ya Februari, Machi, Aprili na Mei. Kila mmoja utoe 350,000 siku ile ile unapoingia, kabla ya kitu kingine. Kama ni nyingi, na najua ni nyingi, chukua nyongeza kwenye akiba ya misheni kama haijawa lori. Mkipungukiwa, kateni zawadi kwanza, kisha nyama, kisha daraja la basi. Kigoma iguswe mwisho kabisa. Nauli ya kurudi isiguswe. Na wasikudanganye watu wa kausha damu wanaozunguka getini mwa kambi na madaftari yao. Likizo ya mkopo wa riba ya wiki inalipwa mpaka likizo nyingine, na kadi yako ya benki inalala kwa mtu. Ikiwa pesa haitoshi hata baada ya kukata, njooni wiki moja tu, au mje mwakani. Sisi tupo, Kasulu haihamishwi.

Sina la kuongeza isipokuwa hili: tarehe za safari sizitaki kutoka kwako. Utaniambia "tutaona", na "tutaona" haikati tiketi. Mwambie mkwe wangu anipigie Jumapili baada ya kanisa, yeye mwenyewe, aniambie siku watakayoshuka Kibondo na siku atakazotaka kukaa Kigoma.

Ni mimi shangazi yako.